Nyonga ya titaniamu yenye utando wa nano: unashika kweli au utabanduka?

Fundi Rangi wa Sahare (Tanga)

Wakuu asalaam aleikum, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni fundi wa rangi za magari hapa Tanga, gereji yetu iko upande wa Sahare. Bi mkubwa wangu nyonga ya kulia imekwisha. Gegedu limelika, mfupa unasaga mfupa, na siku hizi kutoka chumbani hadi barazani anakwenda ameshika ukuta. Amepewa rufaa ya Dar akabadilishiwe. Daktari alitukalisha akatueleza kwa utulivu: atawekewa nyonga ya titaniamu isiyotumia simenti. Shina lake linagongwa ndani ya mfupa wa paja, halafu mfupa wenyewe unaota na kulishika. Ili mfupa usisite kuota, shina hilo limepakwa utando mweupe wa madini yaleyale yanayojenga mfupa. Akaongeza kwamba zipo za kisasa ambazo utando wake ni wa nano, mwembamba hata jicho haliuoni, na watu wa vifaa wanazisifu sana kwa mshiko wake. Bei yake iko juu. Familia tukiamua, tuchange.

Hapo ndipo nilipokosa raha. Kazi inayonilisha ni kupaka kitu juu ya chuma, na adui yangu ni mmoja tu, kubanduka. Gari linalolala Raskazone likipata mkwaruzo mdogo, upepo wa bahari unaingiza chumvi chini ya rangi, panavimba, baada ya muda unatoa ganda zima kwa kucha. Bei ya rangi haijawahi kuniokoa hapo. Rangi inashika pale ambapo bati lilipigwa msasa, likafutwa mafuta, likapata praima, na makoti hayakuwa mazito. Rimu za alumini zinanitesa kuliko bati, maana ukizisugua zinavaa ngozi mpya papo hapo, na nasikia titaniamu ni hivyohivyo.

Sasa ndani ya mwili kuna maji ya chumvi na joto usiku na mchana, na mama si mtu mwepesi. Atakitembelea kitu hicho, atapanda nacho ngazi, Inshallah atakwenda nacho Hija. Utando mwembamba kiasi hicho umeshika kwa nguvu gani? Ukigongwa kwa nyundo kuingia mfupani haukwanguki? Ukibanduka, vipande vinakwenda wapi? Na ile namba ya mshiko iliyo kwenye kijitabu chao, megapaskali 60, niitazame vipi? Sitaki kumnyima mama kilicho bora kwa sababu ya pesa, na sitaki kuchangisha ndugu kwa ajili ya sifa tupu. Anayeijua kazi hii kwa mikono yake anisaidie.

Mzee wa Barabara ya Nane (Ngamiani)

Pole sana mwanangu, Mungu amfanyie wepesi. Mimi nina pleti na skrubu za titaniamu mguuni tangu ajali ya pikipiki, hazina utando wowote na sijapata tabu. Ila kazi ya hizo zangu ilikuwa kuushikilia mfupa mpaka uunge. Ya mama yako inatakiwa ikae naye maisha, kwa hiyo swali lako lina uzito. Ngoja wenye fani waje.

Binti Kaole (Bagamoyo)

Fundi, wa aleikum salaam. Nifikishie pole kwa bi mkubwa.

Kabla sijarudi nyumbani Bagamoyo nilifanya kazi kwenye maabara ya metali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kubandua. Unaletewa kipande cha titaniamu kilichopakwa, unakivuta au unakikwaruza mpaka utando uachie, halafu unakaa na hadubini kuchunguza kilichotokea. Nimefurahi kuona umeuliza kifundi. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili likifupishwa linapotosha.

Tuanze na ile ngozi uliyoitaja. Titaniamu haikai uchi kamwe. Ikikutana na hewa inavaa oksidi yenye unene wa nanomita 2 hadi 7 hivi, na ukiikwaruza inavaa nyingine papo hapo. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Oksidi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe na maji ya mwili, na ndiyo ambayo mfupa unakubali kukaa nayo, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua miaka ya 1950 alipojaribu kutoa kifaa cha titaniamu kwenye mfupa wa sungura, kikagoma kutoka. Kwa hiyo chochote kinachopakwa juu ya kipandikizi kinashika kwenye oksidi. Metali yenyewe hakiigusi. Ukisikia mtu anasifia utando bila kusema oksidi iliandaliwaje, hajakwambia kitu.

Ule mweupe alioutaja daktari ni haidroksiapataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti. Si jambo la jana. Ronald Furlong aliweka nyonga ya kwanza yenye utando huo London mwaka 1985. Upakaji wake ni wa plazma: unga wa madini unapitishwa kwenye mwale wa gesi wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, chembe zinayeyuka nusunusu, zinaigonga titaniamu na kutandazika, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa mikromita 50 mpaka 200 (mikromita moja ni nanomita 1,000). Kabla ya hapo titaniamu imepigwa kwa chembe kali za alumina mpaka ikaparuzika yote. Mshiko kwa sehemu kubwa ni utando kujiuma kwenye vishimo hivyo, uleule unaoutafuta wewe kwa msasa.

Utando huo una matatizo mawili ya kuzaliwa. Moja ni kupoa. Haidroksiapataiti ikipoa inasinyaa zaidi ya titaniamu: kwa kila nyuzi moja ya joto, sehemu 13 hadi 15 kwa milioni, wakati titaniamu ni kama 9. Kwa hiyo kabla kipandikizi hakijatoka kiwandani utando tayari umevutika na unataka kupasuka. La pili ni kwamba joto kali huharibu mpangilio wa fuwele za baadhi ya chembe, zikabaki chumvi nyingine za kalsiamu ambazo zinayeyuka upesi majini. Kiwango cha kimataifa, ISO 13779, kinadai mshiko usiopungua megapaskali 15. Maana yake, eneo la sentimita moja ya mraba likivutwa moja kwa moja libebe mzigo wa kama kilo 150 bila kuachia.

Sasa nano. Hapa uwe macho, kwa sababu vitu tofauti kabisa vinauzwa kwa jina hilo moja, na mshiko wao hautoki mahali pamoja.

Kuna vibomba vya nano. Titaniamu inatumbukizwa kwenye maji yenye floridi na kuunganishwa na upande chanya wa umeme, mara nyingi volti 10 au 20. Oksidi inakua huku floridi inaitoboa, na ukitazama kwa hadubini ya elektroni unakuta vibomba vimesimama wima vimebanana, kipenyo chake nanomita makumi mpaka kama 100. Hakuna kilichobandikwa, vimeota kutoka kwenye titaniamu yenyewe. Mtu angedhani basi haviwezi kutoka. Vinatoka. Nimeviona vikitoka kwa mkanda wa gundi wa kawaida wa dukani. Oksidi inachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoizaa, kwa hiyo vibomba vinasukumana ubavu kwa ubavu. Na chini kabisa, pale vinapokaa juu ya metali, hubaki kitako chembamba chenye floridi nyingi, na hapo ndipo panapoachia. Vikiwa vifupi, nanomita mia chache, vinang'ang'ania vizuri. Vikirefushwa hadi mikromita kadhaa ili vijazwe dawa, vinaweza kuondoka ganda zima. Kuvipasha kwenye tanuri kwa nyuzi kama 450 kunafukuza floridi na kuifanya oksidi iwe fuwele, na mshiko unapanda. Ukizidisha joto, oksidi nyingine nene inakua chini yao na kazi inaharibika upya. Vipande viwili vinavyofanana machoni, kimoja kimepita tanurini na kingine hakikupita, havina mshiko mmoja hata kidogo.

Kuna pia punje za nano za haidroksiapataiti ileile, zinawekwa kwa njia ya majimaji kisha zinachomwa kwa joto la nyuzi mia chache tu, na kuna tando zinazowekwa ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa, atomi zikitua moja moja juu ya oksidi. Hizi za mwisho hushika vizuri mno, kwa sababu atomi zinafika na nguvu na zinafungamana na oksidi kwa kemia. Ila ni kazi ya polepole, na shina la nyonga lina pande nyingi ambazo mwale haufiki sawasawa.

Wembamba wenyewe, fundi, usikuogopeshe. Kanuni yako ya koti jepesi ni sahihi, na ina hesabu nyuma yake. Kinachobandua utando ni nishati iliyobanwa ndani yake na ule mkazo wa kuvutika. Nishati hiyo, kwa kila kipande cha eneo, inaongezeka sawasawa na unene. Mkazo ukiwa uleule, utando wa mikromita 100 umebeba nishati ya kujibandua mara 1,000 ya utando wa nanomita 100. Mwembamba unaweza kupata ufa na bado ukakaa palepale, kwa sababu hauna nishati ya kutosha kuendesha ufa huo chini yake. Hii ndiyo sababu ya kweli inayowafanya watafiti waipende nano kwa upande wa mshiko, na ni sababu nzuri.

Tatizo liko kwenye namba. Megapaskali 60. Kipimo kile kinafanywa hivi: kipande kilichopakwa kinagundishwa kwa epoksi kwenye kifimbo cha chuma, gundi inakaushwa kwa joto, halafu mashine inavuta mpaka kitu kiachie. Lakini kitu gani kimeachia? Inaweza kuwa utando umetoka kwenye titaniamu, na hapo ndipo namba inazungumzia mshiko. Inaweza kuwa utando umepasuka katikati yake, nusu imebaki huku nusu kule. Au gundi ndiyo imekatika, na basi ulichopima ni gundi. Gundi nzuri za kazi hii zinaishia hukohuko kwenye megapaskali 60 au 70, kwa hiyo namba ya 60 inanifanya niulize mara moja kama utando ulitoka kweli. Kwa vibomba vya nano ni hatari zaidi. Epoksi ikiwa bado laini inateremka ndani ya vibomba na kwenye nyufa, inafika chini, inashika titaniamu moja kwa moja. Mashine inatoa namba kubwa ya kupendeza, na namba hiyo haihusu vibomba hata kidogo.

Ndiyo maana sisi hatukuwa tunaandika namba peke yake. Kipande kikishaachana tulikuwa tunatazama nyuso zote mbili, tunaandika asilimia ya eneo lililoachia kwenye mpaka wa utando na titaniamu, asilimia iliyopasuka ndani ya utando, na asilimia ya gundi. Ningekuwa mimi, kabla ya kuuliza utando unashika kwa megapaskali ngapi, ningeuliza umevunjikia wapi. Ripoti isiyosema hivyo naiweka pembeni.

Kuna kipimo cha pili, cha kukwaruza. Ncha ya almasi yenye mviringo wa mikromita 200 inaburutwa juu ya utando huku mzigo ukiongezwa polepole, na mtu anatafuta mzigo ambao utando unaanza kutoka. Kinafaa kwa tando nyembamba, lakini titaniamu ni laini ukiilinganisha na vyuma vya kukatia ambavyo kipimo hiki kilizoeleka kwao. Almasi inaididimiza titaniamu, na utando unapasuka kwa sababu sakafu imebonyea chini yake. Kwa hiyo hata hapo unapima utando pamoja na kilicho chini yake.

Na vipimo hivi vyote kwa kawaida hufanywa utando ukiwa mkavu na mpya. Mwili una nyuzi 37, una chumvi, pH yake ni 7.4, na penye uvimbe wa jeraha inashuka kuelekea uasidi, ambako haidroksiapataiti inayeyuka upesi zaidi. Profesa Tadashi Kokubo wa Kyoto aliandaa maji ya maabara yenye chumvi karibu sawa na za damu, yanatumika dunia nzima. Utando wa plazma ukilowekwa humo wiki kadhaa kisha ukavutwa tena, mara nyingi mshiko wake umeshuka, kwa sababu maji yanapenya kwenye vinyweleo mpaka kwenye mpaka wa titaniamu. Ni kilekile kinachotokea chini ya rangi ya gari la Raskazone. Mtu wa vifaa akuonyeshe namba ya baada ya kulowekwa. Akiwa nayo, msikilize kwa makini, huyo anaijua kazi yake.

Fundi Rangi wa Sahare (Tanga)

Dada Kaole, Mungu akuzidishie. Nimesoma kwa sauti mbele ya ndugu zangu. Hilo la gundi kuingia ndani limenigusa, maana hata sisi mteja akibandika mkanda juu ya rangi kupima, mkanda ukitoka mtupu anadhani rangi ni nzuri, kumbe mkanda ndio dhaifu.

Nimebaki na mawili. Umesema ule mweupe unayeyuka. Ukiyeyuka wote, mfupa unabaki umeshika nini? Na nyundo je?

Sista wa Thieta (Tanga)

Fundi, kaka yangu, naomba niingie hapo kwenye nyundo, maana mimi niko chumba cha upasuaji na nimesimama mezani nyonga nyingi zikiingia.

Shina halipigwi likaingia kwa nguvu kwenye mfupa mzima. Daktari anachonga kwanza nafasi ndani ya mfupa wa paja kwa vyuma vyenye meno, anaanza na kidogo anapanda ukubwa mmoja mmoja mpaka asikie chuma kimekaa. Shina la kweli linakuwa kubwa kidogo kuliko nafasi iliyochongwa, ndipo linakaza. Sauti ya nyundo inabadilika likishafika, na daktari mzoefu anaacha hapohapo. Kwa hiyo ndiyo, utando unasuguliwa na mfupa wakati wa kuingia, hasa kwenye kingo. Hilo watengenezaji wanalijua, ndiyo maana pembe zake haziachwi kali.

Ninachotaka familia mjue ni mambo ya mezani ambayo hayaonekani kwenye kijitabu. Kipandikizi kinakuja kwenye pakiti mbili, kimeuliwa vijidudu kiwandani, mara nyingi kwa mionzi ya gama. Hatukifungui mpaka nafasi imeshachongwa na ukubwa umethibitishwa. Kikifunguliwa hakishikwi kwenye utando, kinashikwa kwa kifaa chake. Hakifutwi kwa shashi, kwa sababu utando unaparuza shashi na nyuzi zinabaki. Kikifunguliwa kikawa si saizi yake, hakirudishwi kwenye otoklevu kikasubiri mgonjwa mwingine. Mvuke wa nyuzi 121 au 134 haukutengenezwa kwa ajili ya utando ule, na uchafu wowote ulioganda juu yake utapikwa nao humo. Mtu akikuambia chake ni cha bei nafuu kwa sababu kilishafunguliwa, kikatae.

Pia ndani ya pakiti kuna stika zenye namba ya toleo na jina kamili la kifaa. Moja inabandikwa kwenye faili la mgonjwa. Ombeni mpewe nyingine au mpige picha mkae nayo nyumbani. Miaka ikipita, mtu yeyote atakayemtibu mama atajua ndani kuna nini.

Binti Kaole (Bagamoyo)

Sista, asante. Hilo la shashi nililisikia maabara, sikujua kwamba mezani mnalizingatia kiasi hicho.

Fundi, kuhusu kuyeyuka. Utando mweupe haukukusudiwa kudumu. Seli za mwili zinautafuna taratibu kwa miaka, pamoja na ule unaoyeyuka wenyewe, na mfupa unachukua nafasi yake. Mwisho mfupa unafika kwenye titaniamu. Ikiwa titaniamu iliyo chini ni ya kuparuzwa, au ina vinyweleo ambavyo mfupa unaweza kujiuma ndani yake, utando ukiondoka hakuna kinacholegea. Ikiwa chini ni laini, na mshiko wote ulitegemea utando, kuna hatari ya kweli, na vifaa vya namna hiyo viliwahi kuleta shida. Kwa hiyo swali lako la praima lilikuwa mahali pake. Ulizia sura ya titaniamu iliyo chini ya utando kabla ya kuulizia utando.

Hapo nano ina faida moja ambayo naiamini. Punje au vibomba vifupi vinaweza kufunika kuta za vishimo vya mikromita bila kuvijaza. Vile vilivyo ndani ya vishimo vinakingwa na vilima wakati shina linasuguana na mfupa. Vya juu ya vilima vitaparuzwa, vya bondeni vitabaki, na mfupa utavikuta huko. Utando mnene wa plazma unafunika vilima na mabonde kwa pamoja, na ukimeguka unamegukia kipande kikubwa.

Uliuliza vipande vinakwenda wapi. Chembe za haidroksiapataiti zilizobaki mfupani mwili unazimeza. Zinazotisha ni zile zinazofika kwenye kiungo chenyewe, kati ya kichwa na kikombe cha plastiki. Ni ngumu kuliko plastiki, zinaikwaruza, na vumbi la plastiki ndilo linalofanya mfupa uliwe pembezoni mwa kipandikizi. Ndiyo sababu utando unapakwa kwenye sehemu inayokaa mfupani tu.

Ila naomba nikupeleke mahali ambapo nadhani pesa na akili za familia zina kazi zaidi. Wiki za mwanzo mfupa bado haujaota, na kinachoshikilia shina ni kule kukaza alikokueleza sista. Shina likicheza ndani ya mfupa kwa zaidi ya mikromita 150 hivi kila hatua, mfupa hauoti juu yake, inaota tishu laini ya nyuzinyuzi, na hapo utando wowote, wa nano au wa plazma, hauna la kufanya. Kule Berlin, timu ya Georg Bergmann iliweka ndani ya wagonjwa nyonga zenye vipima nguvu. Kutembea kawaida kuliipa nyonga mzigo wa karibu mara 2.5 ya uzito wa mwili. Kujikwaa kulipandisha mzigo huo kupita mara 8. Kwa hiyo mikeka inayoteleza iondolewe, taa ya kwenda msalani iwake usiku kucha, na ile fremu ya kutembelea asiiache siku anayojisikia vizuri, aiache siku atakayoambiwa na daktari.

Umetaka ushauri wa mtu aliyefanya kazi hii, nao ni huu. Daktari atakayemfanyia ndiye mwenye kauli, na chombo alichokizoea mikono yake kina thamani kubwa. Kama ningechagua kwa ajili ya mama yangu, ningechukua shina la titaniamu iliyoparuzwa lenye utando wa kawaida, ambalo wagonjwa wake wamefuatiliwa miaka mingi na matokeo yao yanajulikana. Ningeliacha la nano lenye namba nzuri ya maabara, mpaka nalo liwe na wagonjwa wa miaka kumi nyuma yake. Naipenda sayansi ya nano, nimeitumikia, na naamini siku yake inakuja. Lakini mshiko uliopimwa kwa mashine ya kuvuta na mshiko wa mfupa wa mama anayepanda ngazi ni vitu viwili, na hicho cha pili kinapimwa kwa miaka.

Mwalimu wa Pangani

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Je, haya yanahusu na jino la kupandikizwa? Nimeambiwa la titaniamu, nalo "lina nano".

Binti Kaole (Bagamoyo)

Mwalimu, yanahusu, ingawa jino ni rahisi zaidi. Mgonjwa wa kwanza wa Brånemark aliwekewa skrubu za titaniamu tayari mwaka 1965, bila utando wowote. Baadaye ziliuzwa zenye haidroksiapataiti nene ya plazma, na wengi wakaziacha. Za leo nyingi zimepigwa chembe kisha zikaliwa na asidi kali, basi. Hiyo ni titaniamu yenyewe imebadilishwa sura, haina kitu cha kubanduka. Kwa hiyo muulize daktari wako wa meno swali moja: hiyo nano ni sura iliyochongwa kwenye titaniamu au ni kitu kilichoongezwa juu yake? Akisema ni sura, maneno yote ya mshiko hapo juu hayakuhusu. Akisema kimeongezwa, skrubu inazungushwa mfupani kwa nguvu, ukingo wa kila jino la skrubu unasuguana na mfupa, na hapo uliza kama kuna picha za hadubini za skrubu iliyoingizwa mfupani kisha ikatolewa. Wanaofanya kazi hiyo kwa uangalifu wanazo.

Fundi Rangi wa Sahare (Tanga)

Dada Kaole, sista, mzee wangu, nawashukuru. Tunakwenda Dar wiki ijayo kuonana na daktari. Nimeandika kwenye daftari: chini ya utando titaniamu ikoje, unene, kipimo cha baada ya kulowekwa na ulivunjikia wapi, wagonjwa wamefuatiliwa miaka mingapi, na stika. Mikeka ya ukumbini nimeshaikunja, na mdogo wangu anafunga taa ya njia ya msalani leo jioni.